Filamu ya Everlyn Inatafuta Maiki

Vijiwe viko vingi Nairobi, lakini kinachojua kila kitu ni kimoja tu: benchi la Nanjala muuza kahawa pale Kenyatta Market, katikati ya wachoma nyama na wasusi, mahali ambapo mtu akiagiza kahawa anapewa na ushauri juu, hata kama hakuomba. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya makreti mawili ya soda, na upande mmoja umezama kidogo kwa sababu ya uzito wa Zedekiah. Hapo pamewahi kuamuliwa talaka, kesi za mashamba na magonjwa ya ng'ombe wa watu wasio na ng'ombe. Jumamosi hiyo kesi ilikuwa ya Kibe, mpiga picha za pasipoti ambaye tangu anunue kamera kubwa ya mtumba haitikii salamu mpaka aitwe Director.

Alifika kamera shingoni, uso kama wa mtu aliyekosewa na dunia nzima. Wiki iliyotangulia alikuwa amepiga filamu yake ya kwanza hapo hapo sokoni, filamu fupi ya msusi anayefunga kibanda na kurudi kwao. Aliyeigiza alikuwa Everlyn, msusi wa kweli, ambaye kwa kweli alikuwa anafunga kibanda arudi kwao Kimilili. Kwenye onyesho la mwisho Everlyn aliweka kando maneno aliyoandikiwa, akasema yake mwenyewe, akalia machozi ya kweli. Kijiwe kizima kilichokuwa nyuma ya kamera kikalia naye. Hata mteja aliyekuwa anasukwa alilia, na huyo alikuwa ameahidiwa soda tu.

Picha ilitoka safi. Msiba ulikuwa sauti. Kibe alitegemea kile kimaiki kidogo kilicho ndani ya kamera, na kimaiki kikaamua kusikiliza panga la mchoma nyama likishukia mbavu juu ya gogo. Everlyn alisikika kama mtu anayeongea kutoka ndani ya tangi la maji. Sasa jioni hiyo alikuwa anapanda basi. Alikuwa amekubali kurudia onyesho mara moja tu, akimaliza kusuka kichwa cha mwisho, na Jumatatu filamu ilitakiwa kwenye tamasha dogo la wanagenzi huko Westlands. Kwa hiyo maiki ilibidi ichaguliwe hapo hapo, maiki ya bei ya mfuko wa mpiga pasipoti, na muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza ampe boda boda maiki ipi.

Kibe alionyesha benchi picha tatu kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa maiki ya manyoya inayokaa juu ya kamera. Ya pili, maiki ndogo ya waya, ya kubana kwa kola. Ya tatu, kinasa sauti chenye pembe mbili kama konokono.

— Hiyo ya manyoya, alisema Zedekiah, ambaye huitwa Landlord kwa ajili ya ploti ambazo hakuna mtu amewahi kuziona. Lakini uliza kama kuna refu kuliko hiyo. Maiki ni kama darubini. Vile iko refu, ndivyo inaskia mbali.

Akaeleza kwamba binamu yake aliwahi kuwa na moja ndefu kama mkono. Akiwa kwenye balkoni yake Kileleshwa, alikuwa anawasikia watu wa Spring Valley, mtaa mwingine kabisa, wakiulizana watakula nini usiku.

— Na walikuwa wanakula nini? aliuliza Nanjala, akimimina kahawa.

— Pasta.

Oloo alicheka mpaka akamwaga yake. Oloo kazi yake ni kufunga spika kwenye mikutano ya injili na matanga, na kijiwe kilimwita Kipaza, jina alilolivaa kama koti.

— Landlord, wacha kupoteza mtu. Hiyo ikikaa juu ya kamera, itaskia panga vile hii ingine iliskia. Kitu ya maana ni maiki iwe karibu na mdomo. Director, chukua ya waya, ndiyo rahisi. Bana kwa nguo ya Everlyn, chomeka kwa simu, simu ikae mfukoni ikirekodi. Kabla aanze unapiga kofi moja mbele ya kamera. Baadaye hiyo kofi ndiyo utatumia kulinganisha sauti na picha. Imeisha.

Na kweli ingeisha. Kijiwe chochote chenye haya kingeiacha iishe. Kibe alikuwa ameshaanza kumwandikia muuzaji wakati Oloo mwenyewe, aliyesema neno la maana bila kupigiwa makofi, alipoona halitoshi. Akaongeza kwamba nguo ina shida ya kusugua maiki. Dawa ni kuificha kwenye nywele. Everlyn asukwe upya, waya upite ndani ya msuko mmoja ukishuka mgongoni. Akaapa kwamba kuna matanga fulani huko kwao ambapo alificha maiki ndani ya kofia ya askofu, na watu wakadhani sauti inatoka juu.

— Msuko ya waya, alisema Nanjala. Na stima ikimshika kichwa?

— Ni stima ya simu. Haiwezi ua hata nzi.

— Enda ujisuke wewe kwanza.

Kibe aliwaomba, kwa upole uliokuwa unaelekea mwisho, wabaki kwenye zile picha tatu. Landlord akasema ni sawa, picha tatu ni sawa, ila kwa maoni yake hakuna haja ya kununua chochote. Kama shida ni panga, dawa ni blanketi. Alete mablanketi mazito mawili, afunike Everlyn, mteja na kamera, kelele ibaki nje.

— Landlord, alisema Kibe, ni filamu. Watu wanafaa kumwona.

— Wamwone kwa nini, na shida yako ni sauti?

Alipoona blanketi limekataliwa, alikuja na kubwa zaidi. Yeye mwenyewe angepita kwa wachoma nyama akinong'ona kwamba watu wa afya wanakuja kukagua. Soko lote lingenyamaza kama kanisa. Nanjala akamwambia amekaa sokoni miaka yote hiyo bila kuona kitu: watu wa afya wakitajwa, kila mtu hukimbilia koti jeupe na ndoo ya maji, na kelele huongezeka maradufu. Halafu naye, ambaye Kibe alikuwa amemhesabu upande wa wenye akili, akaweka chupa ya kahawa chini na kusema kwamba kwa simu watu wengi humdhani yeye ndiye Everlyn. Sauti angeitia yeye. Everlyn aende zake kupanga mizigo. Landlord akasema ikiwa ni hivyo, hata yeye anaweza, wasikilizaji watafikiri ni mafua.

Simu ililia. Kibe aliiangalia, akaliangalia benchi. Akaishika.

— Ya waya, alimwambia muuzaji. Ya kubana. Mpe boda sasa hivi, na usiniulize kitu ingine.

Baada ya robo saa Everlyn akatokea, kitana kimedungwa kichwani, vidole vinang'aa mafuta ya nywele. Akasalimia wote, akajibana karibu na Nanjala, akapewa kahawa.

— Director, nimemaliza kichwa ya mwisho. Maiki imekam?

— Iko njiani.

— Poa. Unataka nirudie vile nilisema ile siku?

— Vile vile. Usibadilishe hata neno moja. Ile kitu ulisema, Everlyn, hata ningekaa mwaka mzima singeiandika.

Oloo alisema ni ukweli. Nanjala alisema siku hiyo alienda nyumbani akakosa usingizi. Landlord alijifuta jicho kwa mkono wa shati.

— Asanteni. Everlyn alipuliza kahawa, akaendelea: Sasa nikumbusheni. Nilisema nini?

Kibe alifungua mdomo. Alilikumbuka chozi, jinsi lilivyosimama kidevuni na kushika mwanga. Alikumbuka akiizungusha lenzi unywele kwa unywele ili jicho lisitoke kwenye fokasi, na bega likimuuma. Maneno ya Everlyn hakukumbuka hata moja. Akamgeukia Oloo, ambaye siku hiyo alikuwa ameshika kadibodi ya foili ya kurudisha mwanga. Oloo akamgeukia Nanjala.

— Ulisema kuhusu mama yako, alisema Nanjala polepole.

— Mama sikumtaja.

— Ilikuwa kuhusu nyumba, alisema Landlord.

— Nyumba gani?

Kibe aliwasha kamera. Vichwa vikakutana juu ya kile kioo kidogo. Midomo ya Everlyn ilifunguka na kufumba, na panga likajibu: ko! ko! ko! Everlyn aliitazama midomo yake hadi mwisho, kisha tena mara ya pili.

— Na wewe hukumbuki? aliuliza Kibe.

— Nilikuwa nalia, Kibe. Nilijua nyinyi mnaskiza.

Simu ikalia. Boda boda alikuwa ameshafika getini. Hakuna aliyeishika.

— Sasa, Everlyn aliwauliza, akiwapitia mmoja mmoja, nyinyi mlikuwa mnalia nini?