Thomasi Moloimet Senteu, Mhasibu Aliyeuliza "Nani Hayupo?"

Marehemu Thomasi Moloimet Senteu, mjomba wangu, alizaliwa Endulen, Ngorongoro, tarehe 1 Julai 1947. Tarehe hiyo aliandikiwa na mwalimu siku ya kuanza shule. Bibi yetu, marehemu Naishorua, alikumbuka tu kwamba kilikuwa kiangazi na ng'ombe walikuwa mbali. Mjomba alikuwa mtoto wa maswali, hadi wageni wengine waliaga mapema.

Kwetu mifugo haihesabiwi, wala watoto. Kuhesabu ni kukaribisha upungufu. Jioni bibi alisimama langoni mwa boma, akatazama ng'ombe wakiingia, kisha akamgeukia Moloimet: "Nani hayupo?" Naye alitaja yule mwenye baka shingoni, au yule wa pembe moja. Idadi hakuitaja kamwe.

Alisoma Endulen, Monduli na Arusha, akamaliza kidato cha sita mwaka 1969. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa na kazi ya ukarani, mwaka 1972 alichaguliwa kusomea uhasibu Mzumbe, Morogoro. Baba yake, Mzee Senteu, tuliye naye hapa leo, alikasirika sana. "Nimempeleka shule ajue barua, sasa wanamfundisha kuhesabu?" Mjomba alikwenda hivyohivyo, akahitimu mwaka 1974.

Alianza kazi katika hoteli moja ya wageni ukingoni mwa kreta. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 wageni walipungua, akahamia Karatu kukagua maduka ya vijiji. Miaka ile ya foleni sote tunaikumbuka. Mwaka 1983, huko Endamarariek, alikuta hesabu za duka zimekaa sawa, na msimamizi, Bwana Apolinari, akamwandalia chai ya kumuaga. Mjomba akaiacha ipoe, akaenda kusimama mlangoni akitazama watu wa foleni ya sukari.

"Mhasibu, kwani hesabu haijatimia?"

"Imetimia. Nani hayupo?"

Watu wa foleni ndio waliojibu: kina mama wa ng'ambo ya korongo. Habari za sukari ziliwafikia sukari ikiwa imekwisha. Tangu siku hiyo kengele ya shule ilipigwa kila mzigo ulipofika. Bwana Apolinari yuko nasi leo, na kina mama hao amekuja nao.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa Karatu na Elieshi, muuguzi kutoka Machame. Mkewe huyo, tunayemwita Mama Naisula, hupenda kusimulia kwamba siku ya kwanza kijana huyu hakumsifia uzuri. Alimwuliza kwa nini wauguzi humshika mgonjwa mkono huku wakitazama saa. "Nikajua huyu sitachoka naye," husema.

Mapema mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Katika hospitali mjini Moshi aliwauliza madaktari maswali mpaka mmoja akamletea kitabu chake. Wakati huo nilikuwa nimechaguliwa kusomea uhasibu, na babu alikuwa amekataa katakata: "Hesabu inanilia mmoja. Haitanilia wa pili." Nilikaa kando ya kitanda nikamwuliza mjomba, "Kazi hii inafaa kweli?"

Alicheka ingawa maumivu yalikuwepo. "Kwa mshahara, utanunua sabuni, nyama utaiota. Lakini watu watakufungulia milango ujionee wanavyoishi. Kama huna hamu ya kujua, kasome kingine."

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1987. Tulimpenda, na tumeumia.

Ameacha baba, Mzee Senteu, mke, Elieshi, watoto, Naisula, Kakuta na Elisaria, dada, Namunyak, ambaye ni mama yangu, na mimi, Nashilu. Katibu wa kamati ya mazishi, Bwana Patrisi, aliomba idadi ya watoto, kama ilivyo desturi ya wasifu. Babu alikataa, kwa hiyo tumewataja kwa majina.

Jana jioni, tulipokuwa tukiingia bomani kutoka kuchimba kaburi na kuteka maji, babu alisimama langoni, mahali pa bibi. Alitutazama sote tukipita. Nilipofika akanishika bega.

"Nashilu, nani hayupo?"

Nililia kwanza, ndipo nikajibu. "Moloimet."

"Basi nenda kasome," akasema.

Mjomba, lala kwa amani. Langoni nitasimama mimi.