Tungi Lililovishwa Kitambaa

Bwana asifiwe! Asanteni. Mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa, maana nimechoka. Si uchovu wa leo, ni wa miaka sita ya kupepea jiko.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kwenda Kwa Mathias kununua nyanya, na nikirudi nataka kupewa pole. Kidato cha nne nilimaliza. Ubaya wa hewa ya mkaa niliujibu kwenye mtihani, nikapata alama zote. Msomi huyo ndiye nusura aue mtoto wake.

Siku ya kicheni pati yangu nilizawadiwa jiko la gesi na tungi lake. Jiko nikalisukumia uvunguni. Tungi nikaliweka sebuleni, nikalivisha kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Wageni walidhani ni stuli. Kwa nini sikupikia? Kwa sababu ya mama mkwe. Yeye anaishi Chole, kule Kisarawe, na kila akija kwetu Kibaha anakuja na gunia la mkaa. Sasa wewe uliyefundwa ukafundika, utamwambia mama mkaa wako siutaki? Nilipiga magoti, nikapokea. Nikapikia. Nikakohoa. Macho yalikuwa mekundu mpaka mume wangu, anayefanya kazi kiwandani Zegereni, akaniuliza, "Mama Neema, umelia au umevuta?"

"Nimekupikia chai," nikamjibu.

Hapa kanisani niliomba maombi ya kifua mara tatu. Mkafunga kwa ajili yangu, maskini, na mimi nikitoka hapa naenda kuwasha jiko.

Masika yaliyopita mama mkwe alikuwa kwetu. Mvua ikapiga tangu asubuhi, uani maji tupu. Nikaingiza jiko ndani, nikafunga mlango na dirisha. Nachemsha maharage. Neema wangu, miaka mitano, alikuwa mkekani anachora. Akasema, "Mama, kichwa kinauma." Nikamwambia, "Jilaze kidogo, maharage yanakaribia."

Ndugu zangu, akajilaza. Nikamwita ale, kimya. Nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Nikaita jina la Yesu, sauti ikatoka kama ya paka.

Mama mkwe alikuwa chumbani, akasikia kiu, akaja kufuata maji. Alipofungua mlango alimburuta mtoto mpaka nje mvuani, kisha akanirudia mimi, na mimi si mwepesi, mnaniona. Jirani akatukimbiza kwa bajaji hadi kituo cha afya. Neema akawekewa oksijeni. Nilikaa kwenye benchi sina sala hata moja kichwani. Nilisema tu, "Apumue. Apumue." Alasiri akafungua macho, akaomba soda. Haleluya!

Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, mama akasimama sebuleni, akanyoosha kidole. "Na huyu aliyevaa gauni ni nani?"

"Tungi la gesi, mama."

"Limekwisha?"

"Halijawahi kuwashwa. Niliogopa utaona nimeukataa mkaa wako."

Mama akakaa chini kabisa, sakafuni. "Mwanangu! Gunia lile nahangaika nalo, mgongo wote umekwisha, nikijua mkwe wangu hana cha kupikia! Ungesema, si ningeleta mihogo?"

Tulicheka mpaka tukakohoa, wote wawili. Halafu tukalia.

Sisemi kwamba sasa maisha ni mteremko. Gesi huisha, na siku hiyo narudi kwenye mkaa, uani, hewani. Lakini asubuhi nyingi nawasha, chai inachemka, na mimi bado nina macho meupe. Ndugu zangu, sikujua kama asubuhi ina raha.

Namshukuru Mungu aliyempa mama kiu saa ile ile. Na wewe dada unayekohoa ndani ya kanga ukidhani sikuoni, nakuomba umtumaini Bwana. Tutakuombea. Ila ukifika nyumbani, fungua dirisha kwanza, halafu mwambie mkweo ukweli. Hayo mawili ametuachia sisi.

Mnasikia mtoto anayepiga kelele pale mstari wa pili? Ndiye Neema. Mnisamehe, leo simnyamazishi.