Pikapu Tatu za Mzee Elikana

Domitila alipanda nyuma na abiria makusudi, apate kusikia mnunuzi atasema nini. Pikapu ilikuwa ya mumewe, aliyekuwa usukani lakini akitaka kuiuza kwa kuwa mgongo umemshinda, na Mzee Elikana alikuwa anarudi Kalinzi baada ya kuzunguka mjini akitafuta gari la kununua, la kubebea kahawa.

"Ile pikapu ya shirika la wakimbizi imetunzwa," alisema Mzee.

"Imeoshwa, Mzee wangu," akajibu abiria aliyekaa kando yake, fundi wa magari wa Ujiji. "Imesomba watu toka ziwani hadi kambini miaka mitatu. Springi zimelala."

"Ya padri je?"

"Haijawahi kuona mlima. Itazimia kwenu."

"Na hii tuliyokalia?"

Domitila akajifanya anasinzia.

"Hii imechoka kuliko sisi," fundi alisema.

Kilimani gari likaanza kukohoa. Kabla dereva hajatamka neno, abiria wote wakashuka, kama walivyozoea, wakashika bodi na kusukuma. Mzee naye akashuka.

"Umejionea," fundi alisema akihema.

"Nimeona. Hiyo ya padri ikikwama, nani atashuka bila kuombwa?"

Domitila, ambaye hakuwahi kusukuma gari la mumewe, akaweka bega. Gari likasimama kabisa, na fundi akazidi kusukuma.