Watu Hawahesabiwi

Nilikuwa nakunja mashuka kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mashine za kufulia, ghorofa ya chini ya jengo letu pale mtaa wa Dixon, huku ughaibuni. Benchi hilo ndilo kijiwe chetu, maana baridi ya Oktoba haimwachi mtu akae nje. Waziri, yaani Anverali, aliyekuwa na duka Mwanza zamani, huleta chupa ya kahawa. Injinia, yaani Philip, huleta maneno. Uinjinia wake ni kuendesha teksi ya uwanja wa ndege. Jumamosi hiyo alikuwa ametoka kurudisha gari moja la kanisa kutoka mashambani, ambako wazee walipelekwa kupanda treni ya kizamani ya mvuke. Baba mkwe wangu, Mzee Kangethe, alikuwemo. Ujanani alitia makaa kwenye treni kama hizo, Nakuru kwenda Kisumu. Siku hizi husahau kama amekula.

— Hiyo kitu ikipiga honi, Mama Wayne, ng'ombe wa wazungu wanatoka mbio, Injinia alikuwa anasema. — Moshi umetuingia mpaka kwa soksi. Mzee wako alilia.

— Alilia nini?

— Furaha, bwana! Nani hulilia treni kwa huzuni?

Simu yangu ikaita. Alikuwa wifi yangu Mumbi, aliyeendesha gari la pili.

— Mama Wayne, Baba ameshakula?

— Atakulaje na yuko kwako?

Nikasikia akizima redio ya gari.

— Kwangu hayuko. Si alipanda na Injinia?

Nikamgeukia Injinia. Kikombe kilikuwa mdomoni, hakukitoa.

— Mimi nilijua yuko na Mumbi, akasema.

Mumbi aligeuza gari kurudi kule kule. Polisi niliwapigia mimi. Wakauliza mzee amevaa nini. Sweta ya kijivu. Koti lake lilikuwa limerudi na Injinia, kwenye kiti cha nyuma. Nikapiga simu stesheni, ikajibu mashine. Nikarudi kwenye mashuka kwa sababu mikono ilitaka kazi.

— Tutulie, akasema Waziri. — Haraka haraka haina baraka.

— Waziri, huko nje kuna baridi ya kuua.

— Nasema tu, dada. Amelala behewani. Sisi wazee tukikaa tunalala. Treni imeingizwa bandani na yeye yumo, anakoroma.

— Wapi! Mabehewa yalifagiliwa tukiwa bado pale, akasema Injinia. — Mimi naona wale watu wamemchukua. Kule mwisho wa reli walifungua kichwa cha treni ili wakihamishie upande wa pili. Sisi wote tukashuka kupiga picha. Mzee akasimama karibu na moto, akamwambia yule wa makaa hajui kushika koleo. Kwa Kiswahili! Wamempa kazi, nakuambia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kazi gani, mtu wa miaka themanini?

— Hii nchi haina mafundi.

— Hajaajiriwa, akasema Waziri. — Ameiba. Amesubiri wameenda chai, amepanda, amewasha. Saa hizi anaitafuta Kisumu.

— Na bahari ataivukaje?

— Penye nia pana njia.

Wakacheka. Kisha wakaniona uso, wakaacha.

— Injinia, nikamwuliza, — kule mwisho wa reli, alipanda tena?

— Si kila mtu alipanda?

— Nakuuliza Baba.

— Mama Wayne, kulikuwa na moshi mwingi.

Mama mmoja alikuwa amesimama hapo na kapu la nguo mbichi. Anaitwa Shelina, alikuwa mgeni kwenye jengo.

— Samahanini jamani, akasema. — Treni ilipotaka kurudi, nani aliwahesabu watu?

Waziri akainamisha chupa juu ya kikombe chake. Yakatoka matone mawili.

Asubuhi ile, kabla hawajaondoka, kwenye uwanja wa kanisa, nilikuwa namfunga Baba vifungo vya koti. Mumbi alikuwa mlangoni mwa gari, ameanza kugusa vichwa: mmoja, wawili. Baba akamzuia kwa fimbo. Kwao watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu unakiita kifo kije kupunguza. “Watu si mbuzi,” akasema. Wazee wakapiga makofi. Injinia alipiga kuliko wote.

— Sisi hatuhesabu watu, Injinia akamjibu Shelina, kwa sauti ndogo. — Ni mila.

— Sawa kaka. Sasa mlijuaje kwamba mmetimia?

Mashine moja ya kufulia ikamaliza, ikazima.

Walimpata giza likiingia, kule kule mwisho wa reli, kando ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Alikuwa amekaa kwenye taruma la reli, viatu vimelowa, mifuko ya suruali imejaa makaa aliyookota. Aliwaambia polisi anasubiri zamu yake. Watu wa ambulensi wakampasha joto, wakampa Mumbi amlete nyumbani.

Nilimwosha mikono kwa sabuni ya vyombo. Maji yakatoka meusi. Vidole viwili vilikuwa vyeupe kama mshumaa kwa baridi, na wale wa ambulensi walikuwa wameagiza kesho apelekwe kwa daktari avitazame. Nikasonga ugali, nikapakua sukuma na nyama. Injinia alileta koti la Baba, akasimama mlangoni nalo. Nikamwambia aingie ale. Mumbi alikaa bila kuvua lake, machozi yanamtoka.

Kabla mtu hajamega, nikaizunguka meza nikiwagusa kichwani, nikihesabu kwa sauti.

— Mmoja. Wawili.

— Mom, stop, akasema Wayne.

— Mama Wayne, tafadhali, akasema Mumbi.

Sikuacha. Wayne, baba yake, Mumbi, Injinia, mimi mwenyewe. Nikafika kwa Baba, nikamgusa bega.

— Sita.

Nikasubiri. Fimbo ilikuwa imeegemea kiti, karibu na mkono wake. Hakuishika. Alitazama sahani, kisha akanitazama mimi kwa ile heshima anayopewa mtu usiyemjua.

— Samahani, mama. Kwenye treni hii chakula ni cha kila abiria?

— Ni cha kila abiria, Baba, nikamwambia, nikammegea ugali.