Mama Subiri wa Lango la Mizigo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Kama redio iko jikoni, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu, hasa nyinyi madereva wa malori, mliwahi kumnunia. Mlimnunia weee, na leo mnamlilia. Mama Subiri hatunaye tena.

Jina lake la kuzaliwa lipo, na familia inalo. Sisi wengine tulimjua kwa neno lake. Lori likifika langoni, dereva akishuka mbiombio na karatasi mkononi, mama huyu hutazama kwanza matairi, kisha mlango wa nyuma, kisha uso wa dereva. Halafu husema, "Subiri." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekukaribisha kiti. Lakini ukishalisikia, ndugu yangu, ujue chakula chako cha mchana utakikuta kimepoa.

Mama Subiri alikuwa msimamizi wa mapokezi na maghala katika kiwanda cha baruti. Narudia, kiwanda cha baruti, zile za kupasulia miamba migodini. Ukuta mrefu, walinzi kila pembe, na upande wa nyuma lango la mizigo. Kila kilichoingia mle kilipita mikononi mwake. Magunia ya kemikali, mapipa, marobota ya karatasi, hata sabuni za kunawia. Mahali kama hapo, njiti moja ya kiberiti iliyosahauliwa mfukoni inatosha kuleta msiba. Kwa hiyo palikuwa na kopo kubwa la biskuti mlangoni mwa ofisi yake, limejaa viberiti vya madereva. Unaacha kiberiti, unaacha simu, na kabla ya yote hayo unazima injini. Hilo lilikuwa la kwanza kabisa. Zima injini, ndipo tuzungumze.

Dereva mmoja aliyekwisha kustaafu alitupigia simu tulipotangaza kipindi hiki. Alianza kwa kulalamika, tena kwa raha zote. "Yule mama alinirudisha na shehena nzima kwa sababu lakiri ya mlango, ule muhuri wa kufungia shehena, ilikuwa imelegea. Imelegea tu, haijakatika! Nilimwambia, mama, barabara ina mashimo. Akaniambia, mwanangu, naliamini shimo, na nakuamini wewe, lakini mlango siuamini. Nikageuza gari. Nilimlaani njia nzima." Kisha akaongeza, "Ila nilivyokuwa nazeeka nikaanza kushukuru kwamba nazeeka."

Sasa, wasikilizaji, shikeni mambo mawili, maana hadithi yote imesimama hapo. Mama Subiri alikuwa na kanuni mbili.

Ya kwanza: kitu kisichotolewa taarifa hakiingii. Anayeleta mzigo atangulize habari. Asipotanguliza, anarudi alikotoka.

Ya pili ilihusu kona moja ya ghala ambayo vijana wa kupakua waliipa jina la kona ya waliopotea. Huko yaliwekwa maboksi yaliyochanika lebo, yasiyojulikana ni ya idara gani. Mtu akija kusema hili langu, Mama Subiri hafungui boksi. Anauliza. Ndani kuna nini? Kimefungwa na nini? Ukilitikisa linatoa sauti gani? Ukijibu, unachukua. Usipojibu, hata uwe na cheo kinachogusa dari, unaondoka mikono mitupu. "Mwenye kitu anakijua," ndivyo alivyokuwa akisema.

Na msidhani kanuni hizo aliziacha kazini. Mumewe, fundi saa mwenye kibanda kidogo karibu na stendi, alitusimulia kisa cha friji. Alidunduliza pesa mwaka mzima amfanyie mkewe zawadi ya kushtukiza. Siku ya siku, vijana wakafika nyumbani na friji mgongoni. Mama Subiri akatoka barazani. Nani kaagiza? Mzee. Mzee hajaniambia. Mama, hii ni ya kukushtukiza! Akawajibu, "Basi hicho cha kushtukiza ndicho hasa kisichoingia." Friji likarudi dukani.

"Nilikuja jioni nacheka peke yangu njiani kama bwana harusi," anasema fundi saa. "Nikakuta nafasi niliyoipima kwa futi iko vilevile, kumewekwa ndoo. Tulinuniana kidogo, halafu tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Friji lilikuja wiki iliyofuata. Kwa taarifa!"

Huyo ndiye Mama Subiri. Na sasa nitawaambia kuhusu alasiri moja ambapo kanuni ya kwanza aliivunja mwenyewe, bila hata kupepesa macho.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, wa tumbo moja. Mdogo mtu aliugua akafariki, akaacha mume na mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mume alichanganyikiwa. Kazi hana, kodi inamsubiri, mtoto analia usiku na mchana. Basi alasiri moja gari la kuazima likasimama mbele ya nyumba ya Mama Subiri. Baba akamshusha mtoto, akashusha na begi. Injini hakuizima. Akasema, "Shemeji, nitamfuata wiki ijayo." Gari likaondoka. Hakukuwa na simu kabla, wala salamu, wala taarifa yoyote.

Mama Subiri alimtazama yule mtoto. Akatazama begi. Akasema, "Ingia, mama. Miguu yako ina vumbi." Basi. Hakuuliza lolote.

Wiki ijayo ikaja, ikapita. Ikaja miezi, ikaja miaka. Baba alipiga simu mara mojamoja, halafu simu nazo zikaadimika.

Yule mtoto leo ni mtu mzima, fundi cherehani, mwenye sauti ya upole na maneno ya kuchagua. Amekaa nasi hapa studio akatusimulia, na muda wote anamwita marehemu mama mkubwa. Anakumbuka nyumba ile kila pembe. Stoo ya jikoni ambako unga wa zamani ulikaa mbele na mpya nyuma, na ole wake aliyechota wa nyuma. Mgeni aliyefika aliombwa, kwa heshima zote, aache kiberiti chake barazani. Ngurumo ya radi ikisikika kwa mbali, mama mkubwa hutoka nje na kuwahesabu watu wake kwa kidole, maana kiwandani radi ikianza kila mtu hutolewa nje akahesabiwa. "Na mimi alinihesabu," anasema binti. "Hata siku za mwanzo. Nilikuwa nikiisubiri radi ili nihesabiwe."

Lakini mtoto alikuwa na hofu moja. Gari lililosimama nje huku injini inanguruma lilimtoa roho. Likisimama, yeye hukimbilia nyuma ya pipa la maji, anachuchumaa, anaziba masikio. Mama mkubwa aligundua bila kuambiwa. Tangu hapo kila aliyefika kwa gari katika nyumba ile, awe jirani, awe fundi bomba, alisikia sauti kutoka barazani, "Zima injini!" Watu wakadhani ni mazoea ya kiwandani. Wakacheka.

Miaka ikaenda. Jumapili moja, mchana kweupe, gari likasimama mbele ya nyumba. Injini inanguruma. Akashuka baba. Amependeza, amenawiri, amepata kazi, amepanga nyumba yenye vyumba vya kutosha. Amekuja kumchukua mwanawe.

Mtoto alikuwa ameshafika nyuma ya pipa. Kutoka pale alisikia kila neno lililosemwa sebuleni. "Nilijua nimekwisha," anasema. "Nilimjua mama mkubwa. Alikuwa mtu wa kanuni. Mwenye kitu akija, anapewa. Na huyu alikuwa baba yangu. Hakuna lebo iliyochanika hapo."

Baba akasema, "Shemeji, asante kwa yote. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Ni mwanao, sibishi," akajibu Mama Subiri. "Subiri."

Akamkaribisha kiti. Akakaa naye akitazamana naye. Kisha akaanza kuuliza, kwa sauti ileile ya langoni.

"Chai yake anainywaje?"

"Kama watoto wengine, shemeji. Na sukari."

"Hanywi chai mpaka ipoe kabisa. Analala upande gani?"

Baba akatabasamu kidogo, akidhani ni utani.

"Anaogopa nini?"

"Giza," akasema baba harakaharaka. "Watoto huogopa giza."

"Huyu giza halimtishi. Taa zikizimika yeye ndiye anayetafuta mshumaa."

Ikasikika sauti ya injini kutoka nje.

"Gari lako linanguruma, shemeji," akasema Mama Subiri.

"Nilidhani hatutakawia."

"Ndicho anachoogopa."

Wasikilizaji wapendwa, yule bwana aliinuka. Akatoka nje, akazima injini. Hakurudi upesi. Alikaa kwenye gari, mikono juu ya usukani, na majirani walimwona analia waziwazi. Aliporudi sebuleni, Mama Subiri alikuwa amemwekea maji ya kunywa.

"Sijakunyima mwanao," akamwambia. "Njoo Jumapili ijayo. Njoo kila Jumapili. Siku utakayonijibu yote bila kubahatisha, begi nitalifunga mimi mwenyewe."

Mwingine angekasirika akaondoka asirudi tena. Huyu alikuja. Jumapili ya kwanza mtoto hakutoka nyuma ya pipa. Ya pili alitoka, akakaa mbali. Baba alizima gari tangu kona ya mtaa, akalisukuma hadi mlangoni, jasho linamtiririka, na watu wa mtaa wakapata cha kuchekea mwezi mzima. Mtoto naye alicheka. Ndiyo mara ya kwanza.

Ikapita zaidi ya mwaka. Halafu Jumapili moja, akiwa anakunywa chai, baba akasema bila kuulizwa, "Analala upande wa ukutani, shemeji, na mkono chini ya shavu. Chai mpaka ipoe. Hesabu anazipenda ila anajifanya hazipendi, kwa sababu rafiki yake haziwezi. Akikasirika hukunja upindo wa gauni."

Mama Subiri alimsikiliza mpaka mwisho. Akainuka. Akaenda chumbani, akashusha lile begi. Fundi saa anasema alimwona mkewe akikunja nguo za mtoto, akizikunjua, akizikunja upya, yeye ambaye langoni hakurudia kitu mara mbili. Ahadi ni ahadi. Alikuwa anafunga begi.

Baba akasimama mlangoni. Yupo hai, na maneno haya ametupa mwenyewe. "Nilimwambia, shemeji, liache begi. Sasa namjua huyu mtoto. Na anayemjua hawezi kumtoa hapa."

Kwa hiyo binti alibaki. Alikulia pale, akaolewa akitokea pale, na Jumapili baba yake aliendelea kuja. Mama Subiri alistaafu, akaagwa na kiwanda kwa saa ya ukutani, ambayo mumewe aliifungua siku hiyohiyo akasema imetengenezwa vibaya. Walizeeka pamoja wakitaniana. Mwezi uliopita mama aliugua kifua. Hakuugua sana. Alifariki asubuhi, hospitalini, amelala akiuelekea mlango.

Fundi saa miguu haimbebi tena, hivyo binti ndiye aliyekwenda mochwari kumchukua. Mhudumu akatazama karatasi zake, akatazama na za marehemu. Majina hayafanani. Kwenye karatasi za marehemu pameandikwa hana mtoto.

"Wewe ni nani wake?" akauliza.

"Mwanawe."

"Hapa sioni hivyo, dada yangu. Samahani, lakini siwezi kumtoa kwa yeyote tu. Unaweza kunitajia alama zake?"

Binti anasema moyo ulimtulia hapohapo. Swali hilo alilijua. Akataja kovu kwenye kiwiko cha kushoto, la msumari wa kreti. Akataja ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia, mweusi tangu pipa lilipomwangukia. Akataja tundu dogo la sikio, palipokuwa na hereni aliyoivua siku ya kwanza ya kazi asiivae tena. Akaendelea. Kwamba akicheka huziba mdomo. Kwamba hulala akiuelekea mlango. Kwamba radi ikipiga huhesabu watu.

"Inatosha, dada," mhudumu akasema kwa upole. "Hayo mengine sikuyauliza."

Binti akamwambia, "Subiri. Sijamaliza."

Yule mhudumu akaweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamfungulia mlango.

Wasikilizaji wapendwa, tunakupa pole, mzee wetu fundi saa. Tunakupa pole wewe binti, na baba yako, na wote mliofanya kazi naye kwenye lile lango, wapakuzi, walinzi na madereva mliomnunia. Apumzike kwa amani, Mama Subiri.

Na sisi tuliobaki, kila mmoja ajiulize hapo alipo. Walio nyumbani kwako, chai yao wanainywaje? Wanalala upande gani? Wanaogopa nini? Najua pia kuna mnaonisikiliza mkiwa kwenye gari, mmesimama nje ya nyumba ya mtu wenu, mnasema mtampungia mkono dirishani mwende zenu. Nawaomba kitu kimoja tu. Zimeni injini. Ingieni ndani.