Mama Emérite, Mtoa Mashemeji Nje

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mama Emérite anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kutafsiri katika kliniki yetu ya matiti, hapa Doornfontein. Kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga nimepewa mimi kwa sababu Kiswahili changu ndicho kitamu kuliko cha wote humu. Shule niliiacha mapema, kweli, lakini wenye diploma walioombwa kwanza walitoa mistari miwili wakakwama.

Alifika kutoka Bujumbura na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Kiingereza alikiokota kwenye teksi. Cheko lake lilisikika mpaka kwenye kiduka cha spaza ng'ambo ya barabara. Chai yake ilikuwa sukari iliyoonjeshwa maji. Eish, tutaitamani.

Kosa lake alimsimulia mwenyewe kila mfanyakazi mpya. Zamani alishika adabu ya nyumbani: wakiingia watu wanne, swali linamwendea mkubwa wao. Siku moja daktari alimpa mgonjwa aitwaye Carmel njia mbili: atolewe uvimbe tu, kisha apigwe mionzi kila siku kwa wiki kadhaa, au litolewe titi zima. Saratani ilikuwa bado changa, na kwake matumaini ya kupona yalikuwa yale yale kwa njia zote mbili. Mama akamgeukia shemeji aliyemsindikiza Carmel. Shemeji akasema toeni lote, tumalize. Likaandikwa kuwa jibu la Carmel. Mwaka uliofuata Carmel alirudi na swali moja: "Kumbe nilikuwa na la kuchagua?"

Tangu hapo, mashemeji wote walitumwa dukani kununua mkate, mgonjwa abaki ajisemee. Wachungaji pia. Mkate ukiwa mwingi, sisi tulikula.

Agosti hii alikuja Arlène, msusi wa mtaa wa La Rochelle hapa mjini, ambaye ameruhusu tuandike habari zake. Shemeji yake, Hugues, aliingia na uamuzi mkononi: titi libaki, kaka yake, mume wa Arlène, asichekwe. Akatumwa mkate. Nasi huku nje tulibashiri kwamba Arlène naye atataka kubaki nalo, kijana vile, mrembo vile. Hata mimi nisiyekosea nilikosea.

Ndani, Mama alimpitisha taratibu: foleni ya mionzi, teksi mbili kwenda na mbili kurudi, mkono wa kusukia, mume, hofu. Halafu akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Litoke, Mama," Arlène akasema. "Likibaki nitalishikashika nikitafuta uvimbe mpaka nizeeke."

Mama akampa daktari maneno hayo hayo, bila kuongeza chumvi. Hugues akarudi na mikate miwili, akauliza wameamua nini.

"Muulize mwenye titi, baba," Mama akamjibu, akamvutia kiti karibu na Arlène.

Hugues alikaa. Akamuuliza. Akasikiliza mpaka mwisho, mikate ikiwa magotini.

Asante, Mama Emérite. Nenda nyumbani kwako mtaa wa Observatory ukapumzike, ulale mchana, useme ya kwako tu. Tunakuombea miaka mingi ambayo hakuna anayesubiri kinywa chako, isipokuwa wajukuu. Nao uwapunguzie sukari.