Mwalimu Evarista Hhando na Swali la Kizimba

Tarehe 31 Desemba 1987 Mwalimu Evarista Hhando anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, kumi na sita kati yake hapa shuleni kwetu Karatu.

Alizaliwa Buger, akasomea ualimu kwa masista, na Januari 1957 akaanza kazi katika shule ya msingi ambayo darasa lake halikuwa na mlango. Anasema hapo ndipo alipojifunza kufundisha: mtoto aliyechoshwa aliinuka tu akaenda zake.

Kwetu alipewa fasihi ya kidato cha tatu na cha nne. Wanafunzi walimwita Mwalimu Komeo. Kila tulipokutana na mhusika aliyefungiwa, awe malkia au mfungwa, tulikuwa wepesi kuandika kwamba hana uhuru. Mwalimu aliuliza kwanza: komeo liko upande gani, na nani analifikia? Aliyeshindwa kujibu alitumwa atoke nje, afunge mlango, kisha aujaribu. Mwaka 1975 komeo la Kidato cha Tatu lilikwama kweli. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Eliamini, aliyekuja kukagua kelele, alikwama ndani pamoja na wanafunzi arobaini hadi fundi alipopatikana. Mwalimu Evarista hakupoteza muda. Aliwauliza wanafunzi, mbele ya mkuu mwenyewe, kama mkuu wa shule bado ni mkuu akiwa hawezi kutoka.

Vitabu vilipopungua, alitunga vifungu yeye mwenyewe, akavichapa kwa mashine ya ofisini isiyopiga herufi r. Ziliongezwa kwa kalamu, nakala kwa nakala.

Lakini mtu hajulikani kwa mafanikio tu, na yeye mwenyewe ameniagiza nisimulie kosa lake. Nalijua vizuri, kwa sababu lilinihusu.

Mwaka 1979 nilikuwa mwanafunzi wake wa kidato cha nne. Katika mtihani wa muhula wa kwanza aliweka kifungu alichokitunga kuhusu ndama aliyefungiwa kizimbani ndani ya nyumba ya bibi mmoja, akituuliza jinsi kizimba kinavyoonyesha ukandamizaji. Jibu alilolitegemea ni kwamba ndama ni mnyonge na bibi ni mtawala. Mimi ni wa Kakesio. Kwetu ndama hulala ndani, karibu na kitanda, ili baridi na fisi wasimpate. Niliandika kwamba aliyefungwa ni bibi, kwa kuwa hawezi hata kumtembelea binti yake, maana nani atafungua na kufunga? Nilipata sifuri kati ya ishirini, pamoja na maneno mekundu: umetoka nje ya swali. Nilikunja karatasi nikaiweka sandukuni.

Alama za muhula zilikuwa zinahesabiwa katika matokeo ya mwisho, na zilikwishapelekwa Arusha. Kwa sifuri ile nisingepata nafasi ya kidato cha tano, na nyumbani palikuwa na watu waliokuwa wakisubiri nishindwe ili nirudi niozwe.

Likizo ya Juni Mwalimu alikuja Kakesio kukusanya hadithi za wazee, akalala kwa mama yangu. Asubuhi alipoaga, mama alimwomba radhi kwamba hawezi kumsindikiza hata hadi njiani: ndama bado hawajanyonya, na hakuna mwingine wa kuwafungulia. Mwalimu alisimama mlangoni, akakitazama kizimba cha ndama kando ya kitanda cha mama. Kisha akaniuliza karatasi yangu iko wapi.

Mwalimu Eliamini alimwonya kwamba kugeuza alama zilizokwishapelekwa kunaweza kumfukuzisha kazi. Mwalimu Evarista alikwenda hivyo hivyo. Alisafiri siku nzima kwa basi la vumbi hadi Arusha, akaweka karatasi yangu mezani kwa afisa wa elimu, akasema aliyekosea ni msahihishaji. Afisa alimuuliza huyu binti ni ndugu yake wa namna gani. Mwalimu alijibu kwamba yeye ni Mwiraqw wa Buger na binti ni Mmaasai wa Kakesio. Kama babu zao wangekuwa ndugu, ng'ombe wa babu yake wasingetekwa, wangekuwapo mpaka leo. Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akalisoma jibu, akalirudia, akampa kalamu asahihishe upya mbele yake.

Hakunipa ishirini. Alinipa kumi na nne, kwa kuwa sikueleza kwamba bibi huyo huyo ndiye mwenye uwezo wa kufungua. Bado naona alikuwa sahihi.

Muhula uliofuata aliingia kila darasa na kile kifungu, akawaambia wanafunzi alichokosea kabla hawajakisoma. Nilipata nafasi ya kidato cha tano, na tangu mwaka 1985 meza yangu ofisini imekuwa karibu na yake.

Kuanzia Januari vipindi vyake nitavifundisha mimi. Juzi nilimwomba aniachie madokezo yake. Amekataa. Amesema niingie darasani niwaulize wanafunzi.

Mwalimu Evarista, asante kwa miaka yote hiyo. Walimu wenzako tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani Buger, na majirani wanaopenda ubishi.

Namelok Sironka
Kwa niaba ya walimu wote